Ndege za Dayton ni za Kweli, Ila Ukweli Wake Haulingani

SWALI: Naishi Columbus, Ohio. Baba yangu anakuja kunitembelea kutoka Tanga. Aliwahi kuwa jeshini, na tangu tuko wadogo anapenda mno habari za ndege. Nataka nimpeleke Dayton kwenye makumbusho ya Jeshi la Anga la Marekani, pamoja na wanangu wawili. Shemeji yangu ananivunja moyo: anasema yale ni makopo matupu ya maonyesho, maana ndege za kweli zingekuwa zinaruka. Je, ni za kweli? Na kama ni za kweli, kwa nini hazirushwi? Siku moja inatosha?

JIBU: Dada, shemeji yako ameshika nusu ya jambo. Ukizifungua ndege za pale hutakuta mafuta kwenye matangi, wala baruti za kufyatulia kiti cha rubani, na mabomu yaliyopangwa chini ya mabawa ni magamba tu. Vitu hivyo huondolewa kabla ndege haijaingizwa mahali pa watu. Lakini kuziita makopo ni kuzionea. Nyingi kati ya ndege maarufu za pale zilifika kwa mabawa yake zenyewe. Bockscar, ndege iliyodondosha bomu la atomiki Nagasaki, ilitua Dayton Septemba 1961. Ile nyeupe ndefu iitwayo XB-70 ilitua Februari 1969. Ndege ya rais iliyombeba Kennedy ilitua mwaka 1998. Rubani alishuka, ndege ikakabidhiwa, na safari zake zikaishia hapo.

Makumbusho yenyewe yana umri mkubwa kuliko Jeshi la Anga linaloyamiliki. Yalianza mwaka 1923 kwenye uwanja wa McCook, hapo hapo Dayton, mji wa kina Wright, wale ndugu wawili waanzilishi wa ndege zenye injini, wakati marubani wa Marekani bado walikuwa chini ya jeshi la nchi kavu. Jeshi la Anga kama jeshi linalojitegemea likazaliwa mwaka 1947. Leo yako ndani ya eneo la kambi ya Wright-Patterson, kwenye majengo manne makubwa yaliyounganishwa, la karibuni zaidi likiwa limefunguliwa mwaka 2016. Kuna ndege na makombora zaidi ya 350. Kiingilio ni bure, maegesho bure, na huhitaji kibali cha kambi. Mtakaguliwa mifuko mlangoni, basi.

Sasa turudi kwenye ukweli wa ndege. Mkifika, zoeeni kusoma kibao kabla ya kupiga picha, kwa sababu kibao hakifichi kitu. Mtaanza na ndege ya kijeshi ya Wright ya mwaka 1909. Ile ni nakala. Ndege halisi iko Washington, kwenye makumbusho ya Smithsonian. Hii ya Dayton iliundwa na watumishi wa makumbusho mwaka 1955, ila injini iliyofungwa humo ilitolewa na Orville Wright mwenyewe. Basi niambie, ni ya kweli au si ya kweli? Hatua chache mbele kuna Sopwith Camel, ndege ya Waingereza ya Vita Kuu ya Kwanza. Nayo ni nakala iliyokamilika mwaka 1974, lakini imeundwa kwa kufuata michoro ya kiwanda ya wakati ule. Ndege za mbao na kitambaa hazikai. Panya, unyevu na wakati huzimaliza, kwa hiyo sikosani na makumbusho yanayojenga upya alimradi waseme wazi.

Kwenye jengo la tatu mtakuta B-2, lile dude la kudondoshea mabomu, jeusi, lisilo na mkia, ambalo rada hulipata kwa shida. Watoto watasimama hapo muda mrefu. Lile halijawahi kuruka hata siku moja. Ni kiwiliwili kilichoundwa kiwandani kwa ajili ya kuteswa: wahandisi waliyakandamiza mabawa yake kwa mitambo mpaka yakavunjika, wapate kujua yanahimili mzigo kiasi gani. Baadaye mafundi wa makumbusho wakakiunga, wakakipaka rangi, kikawekwa ukumbini. Shemeji yako angesema, "Si nilisema!" Mimi kama fundi naona kinyume. Ndege zile nyingine za aina hii zinaruka na kurudi salama kwa sababu hii ilivunjwa.

Halafu kuna ndege halisi zilizovishwa majina ya wengine. Ndege ilikuwa ya mazoezi, haikuona vita, lakini imepakwa rangi na namba za ndege fulani mashuhuri iliyokwisha kuwa chuma chakavu. Makumbusho ya nchi nyingi hufanya hivyo. Ukitaka kujua, tafuta kwenye kibao maneno yanayosema imepakwa ifanane na ndege ya fulani. Na juu ya hizo zote kuna zile ambazo chuma ni kile kile na historia ni ya kwake. Kwa hizo ndiyo nakushauri umpeleke Mzee, na nitazitaja tatu tu kwa kirefu.

Ya kwanza ni MiG-15, ndege ya kivita ya Kisovieti, jengo la pili, sehemu ya Vita vya Korea. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1953, miezi miwili baada ya mapigano kusitishwa, rubani wa Korea Kaskazini aitwaye No Kum-Sok aliruka nayo kutoka uwanja wa karibu na Pyongyang, akavuka mpaka, akatua Kimpo, upande wa Kusini. Alitua kwa kuingia upande usio wake wa njia ya kurukia, nusura akutane uso kwa uso na ndege ya Kimarekani. Wamarekani walikuwa wametangaza zawadi ya dola 100,000 kwa rubani atakayewaletea MiG. Yeye alisema hakuwa na habari nayo, alitaka kutoroka tu. Ndege ikapelekwa Okinawa ikarushwa na marubani wa majaribio, akiwamo Chuck Yeager, ili wajue uwezo na udhaifu wake. Kisha Marekani ikatangaza kwamba iko tayari kuirudisha kwa mwenyewe. Hakuna aliyejitokeza kuidai, na mwaka 1957 ikaingia makumbusho. Simama mbele yake uone ilivyo ndogo. Mizinga yake mitatu imejipanga chini ya pua, na kile chumba cha rubani ni cha kubana magoti.

Katika jengo hilo hilo, sehemu ya Vita vya Vietnam, kuna MiG-17 na MiG-21. Mzee wako kama alikuwa jeshini miaka ya 1970, hapo utamwona akichangamka bila kuambiwa. Ndege za ukoo huu zilikuwa pande zote mbili wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Uganda ya Amin ilikuwa na MiG-17 na MiG-21 kutoka Muungano wa Kisovieti, na baadhi yake zilikwisha kuteketezwa na makomando wa Israeli pale Entebbe Julai 1976. Tanzania ilikuwa na zile zilizoundwa China kwa kufuata ramani za Kisovieti. Jicho lililozoea kuziona Ngerengere au Mwanza zikiwa angani halijapata nafasi ya kuzikagua kwa karibu namna hii, tumbo, tairi, mpaka ribiti. Mwache azunguke mwenyewe. Wajukuu wambane kwa maswali hapo, si kwenye gari.

Ya pili ni Me 163, kijindege cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili kilichotumia injini ya roketi. Kiko jengo la kwanza, na watu wengi hukipita kwa sababu hakitishi. Mafuta yake yalikuwa aina mbili za kemikali ambazo zikikutana zinalipuka. Ndivyo kilivyopaa, na ndivyo kilivyoua baadhi ya marubani wake. Hiki cha Dayton, kilipofunguliwa ili kikarabatiwe, mafundi walikuta kijiwe kimebanwa kati ya tangi la mafuta na mkanda unaolishika. Gundi ya bawa nayo ilionyesha dalili za kuchafuliwa makusudi. Ndani ya kiwiliwili, mahali ambapo mkaguzi asingechungulia, kulikuwa na maandishi ya Kifaransa ya kizalendo. Waliokiunda walikuwa Wafaransa waliolazimishwa kufanya kazi katika viwanda vya Wajerumani. Mtu alijua kwamba mtikisiko wa safari ungelifanya lile jiwe lisugue tangi mpaka litoboke. Akaliweka, akafunga, akaendelea na kazi.

Nimekieleza hiki kwa sababu ndani yake mna jibu la swali lako la pili, kwa nini hazirushwi. Ndege ikitaka kuruka, sheria na akili zote mbili zinataka kila kilichochakaa kitolewe. Mabomba ya mpira yatoke, nyaya zitoke, tairi, bati lenye nyufa, boliti zilizochoka. Aluminiamu hupata uchovu: bati linalopindishwa na hewa maelfu ya mara huota ufa usioonekana kwa macho, na ufa huo hauponi kwa rangi. Ukishabadilisha haya yote, na miaka kumi baadaye ukabadilisha tena, unabaki na jembe lililobadilishwa mpini mara tatu na bapa mara mbili. Linalima vizuri, lakini babu hakulishika. Kile kijiwe kingekuwa kimetupwa siku ya kwanza, na gundi mbovu ingekuwa imekwanguliwa.

Sababu nyingine haihitaji falsafa. Ndege za zamani huanguka. Oktoba 2019 ndege ya B-17, ile ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili, iliyokuwa ikibeba abiria wa matembezi ilianguka Connecticut, watu saba wakafa. Novemba 2022, kwenye maonyesho ya anga huko Dallas, B-17 nyingine iligongana angani na ndege ndogo ya kivita, wakafa sita. B-17 ziliundwa zaidi ya 12,000, na bado kila moja inayopotea sasa ni pengo. XB-70 ziliundwa mbili tu. Moja iligongwa na ndege iliyokuwa ikiisindikiza wakati wa kupiga picha, Juni 1966, ikaanguka jangwani California. Iliyobaki ndiyo hiyo iko Dayton. Nani atathubutu kuiwasha?

Hiyo XB-70 utaikuta jengo la nne, nami naitaja kwa ufupi tu kwa sababu haihitaji mpigadebe. Urefu wake ni kama mita 56, injini sita zimepangwa mstari mmoja nyuma, na ilikusudiwa kwenda mara tatu ya kasi ya sauti ikiwa na mabomu ya nyuklia. Kabla haijaruka kwa mara ya kwanza, makombora yalikuwa yamekwisha kuifanya isihitajike. Pembeni yake ziko ndege za utafiti, pamoja na X-15A-2 iliyokwenda zaidi ya kilomita 7,200 kwa saa mwezi Oktoba 1967.

Ya tatu ninayotaka Mzee aione ni Memphis Belle. Hii ni B-17 iliyoruka kutoka Uingereza kushambulia maeneo yaliyoshikwa na Wajerumani. Wakati ule rubani na wenzake wakimaliza safari 25 za vita walirudishwa nyumbani, na wengi hawakufika hata nusu yake. Kundi la Memphis Belle lilimaliza ya 25 tarehe 17 Mei 1943. Si wao waliotangulia kufikisha idadi hiyo. Kuna B-17 nyingine, Hell's Angels, iliyowatangulia kwa siku chache. Ila hawa ndio waliorudishwa Marekani na ndege yao na kuzungushwa mji kwa mji ili wananchi wanunue hati za kuchangia vita, na sifa ikawakaa.

Baada ya vita sifa ile haikuisaidia kitu. Ilikuwa iuzwe kama chuma chakavu. Mji wa Memphis ukainunua mwaka 1946 kwa dola 350, ikakaa nje kwa miongo ikinyeshewa, na watu wakaingia wakachomoa saa za mbele ya rubani na chochote kilicholegea. Ilipofika Dayton mwaka 2005 ilikuwa inaliwa na kutu ya aluminiamu, ile ya unga mweupe unaovimba kati ya mabati. Ukarabati ulichukua zaidi ya miaka kumi na miwili. Ilizinduliwa tarehe 17 Mei 2018, miaka 75 kamili tangu ile safari ya 25. Walipoondoa rangi, mafundi walikuta majina ya watu yamekwaruzwa kwenye bati, ya wale waliokuja kuitazama kwenye ule mzunguko wa 1943. Msimuulize mtu kama inaweza kuruka. Haikukarabatiwa ili iruke, ilikarabatiwa isizidi kuoza.

Kabla hujawapeleka watoto kwenye Bockscar, nina neno. Ndege ile ipo ukumbini inang'aa, pembeni kuna gamba la bomu la aina iliyoangushwa. Kibao kinaeleza habari za rubani Charles Sweeney, mawingu yaliyoufunika mji wa Kokura uliokuwa shabaha ya kwanza, na mafuta yaliyokaribia kuisha. Habari za waliokuwa chini siku ile ya tarehe 9 Agosti 1945 ni chache. Hayo ni makumbusho ya jeshi, yanasimulia kutoka ndani ya ndege, na hilo naliona ni pungufu kubwa. Watoto wako kama wamefikia umri wa kuuliza, wasimulie mwenyewe yaliyotokea Nagasaki kabla hamjatoka nyumbani, wasije wakadhani ile ni ndege tu kama nyingine.

Jambo moja la Afrika lisiwapite. Jengo la kwanza, karibu na ndege ya mabomu ya B-24, kuna kumbukumbu za ndege iliyoitwa Lady Be Good. Aprili 1943 iliruka kutoka Soluch, kaskazini mwa Libya, kwenda kushambulia Naples. Kurudi ilikuwa usiku, ikapita juu ya kituo chake bila kukiona, ikaingia jangwani mpaka mafuta yakaisha. Wanaume tisa wakaruka kwa miavuli. Ndege ikajitua mchangani bila mtu. Watu wa kampuni za kutafuta mafuta waliiona kutoka angani mwaka 1958, redio yake ikiwa bado nzima. Miili minane ilipatikana, baadhi yake mbali sana kaskazini, kwani walikuwa wametembea siku kadhaa bila maji wakidhani bahari iko karibu. Dirisha la vioo vya rangi lililowekwa kwenye kanisa la kambi ya Wheelus, Libya, kwa kuwakumbuka, sasa liko Dayton.

Kuhusu siku moja: inatosha kuona, haitoshi kusoma. Hufunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, isipokuwa sikukuu chache kubwa. Kutoka Columbus ni kama maili 70 kwa barabara ya I-70, hivyo ondokeni mapema. Wageni wengi huanza jengo la kwanza kwa utaratibu wa miaka, wakifika la nne miguu imekwisha na saa zimekwisha. Ningekuwa na mzee na watoto ningeenda moja kwa moja jengo la nne asubuhi, kabla ya mabasi ya wanafunzi, niingie ndani ya ndege za marais. Ile iliyombeba Kennedy inaitwa SAM 26000. Ndiyo iliyorudisha mwili wake kutoka Dallas tarehe 22 Novemba 1963, na ndani yake Johnson akaapishwa. Wahudumu waling'oa viti vya nyuma ili jeneza lisiwekwe sehemu ya mizigo. Njia ya kupita ndani ni nyembamba kweli kweli. Mtu wa mwili mkubwa au mwenye mkongojo atahangaika. Baada ya hapo pumzikeni, mle, ndipo mrudi jengo la pili kwenye MiG. Jengo la kwanza lipeni saa mbili za mwisho. La tatu mtalikatiza tu, na watoto wenyewe wataamua mahali pa kusimama.

Mzee akichoka, ombeni kiti cha magurudumu pale mlangoni; sakafu ni tambarare majengo yote. Mwambieni pia achukue sweta, kumbi zile ni kubwa na zina baridi. Kugusa ndege hairuhusiwi, na hapo ndipo askari wa zamani hujisahau.

Na kama hamu yake ni kusikia injini ikinguruma, Dayton si mahali pake. Kuna makumbusho mengine, yasiyo ya serikali, huko Virginia Beach, yaitwayo Military Aviation Museum, ambayo ndege zake nyingi za Vita Kuu zote mbili bado zinarushwa, na huwa na siku za maonyesho. Ni safari ndefu kutoka Columbus, kama saa kumi za gari. Angalia kwanza ratiba yao ya kurusha, maana mvua au upepo ukiwa mbaya ndege hubaki bandani.